Masalio

Picha za kichwa cha Papa zilikuja kwa basi kutoka Ndola,
kwenye flashi iliyofungwa ndani ya soksi.
Katuba nzima giza.
Nikangoja. Saa saba usiku balbu ikakohoa,
nikafungua kompyuta.

Ubongo ni maji, zaidi ya yote ni maji,
na kila tone limejaa protoni zinazozunguka kama pia.
Sumaku huzipanga. Wimbi la redio huzisukuma, zikalala,
kisha kila moja huinuka kwa wakati wake.
Kazi yangu ni kuupima wakati huo.

Kitabu kinasema mlinganyo mmoja unatosha,
mteremko mmoja laini.
Kitabu kilipima maji ya glasi.
Humu kuna maji yanayojiendea,
na mengine yamebanwa katikati ya matabaka ya mafuta
kama wateja wa soko la Kenya mvua inapowakuta:
huyu kakimbia, yule kanaswa kati ya meza mbili,
na muda wote watu wanapishana.
Nikaweka matangi mawili.
Nikaweka matatu, na milango baina yake.

Mkunjo ukasogea, ukavigusa vitone vyote
isipokuwa pale chini, ndani kabisa,
ambapo maji husimama upesi mno,
kama mtu aliyesikia akiitwa jina.

Manganizi.
Ikiwa jirani, protoni haikawii.

Miaka thelathini na mmoja Papa alichomelea
mageti, matrela, vitanda vya wazazi,
kioo cheusi machoni, pua wazi.
Moshi una ladha ya sarafu, alikuwa akituambia,
nasi tukilamba sarafu zetu kuhakikisha.
Sasa anatembea kwa ncha za vidole, kama jogoo,
na chai humwagika kabla ya mdomo.
Pale panapotulia upesi kuliko kote
ndipo panapomnyima mkono wake utulivu.
Hilo sikuliandika kwenye ripoti.

Alfajiri akaja, akashika kiti changu, kiti kikatetemeka.
“Umemaliza?”
Bado, nikamwambia, kuna masalio,
vitone vilivyokataa kukaa kwenye mstari.
Akavitazama kwa muda mrefu.
“Izi njo cheche, Mwadi. Acha zianguke.
Angalia mshono.”
Akauchora hewani kwa kidole,
ukapinda, akarudia,
ukapinda tena.