Kalenda ya Rangi Mbili

Nimeanza Januari, kwa kalenda ya bure
ya duka la dawa lililo nyuma ya stesheni, hapa Plovdiv.
Kila mwezi una picha ya mzee anayetabasamu
kwa ajili ya vidonge vya magoti.
Juu ya tabasamu la kwanza nimechora alama ya Zohali,
ikatoka kama ndoana.

Kitabu cha unajimu kinaonya: anayeanza asiwe na papara.
Aandike mwezi mwandamo, aandike mwezi mpevu,
aandike Zuhura anapohama buruji,
kisha kila usiku aandike yaliyompata.
Mimi fundi cherehani wa jumba la tamthilia,
kupima kabla ya kukata sifundishwi.
Lakini kipimo cha kwanza ni saa ya kuzaliwa,
na saa hiyo sina.

Cheti kinataja tarehe tisa Februari, mwaka wa sitini na sita,
kinataja uzito, kina muhuri wa ofisi.
Penye saa pako wazi, peupe kama pengo la jino.
Mama alikwenda nayo.

Nikampigia Shangazi Stoyanka,
ambaye masikio yake siku hizi husikia yanachotaka.
"Ulizaliwa basi la Asenovgrad likipita," akasema.
"Madirisha yalitetemeka, nawe ukapiga ukelele,
tukashindwa kujua kipi ni kipi."

Bwana Hristofor wa karakana ya mabasi
huweka ratiba kuukuu ndani ya boksi la viatu.
Akalamba kidole, akafunua, akafunua:
saa saba kamili mchana.
Kisha akacheka hadi akakohoa:
"Kamili ni ya kwenye karatasi, dada yangu."

Basi likiwahi, basi,
buruji iliyokuwa ikichomoza ni Jauza,
mapacha, watu wa maneno mengi.
Likichelewa nusu saa, ni Saratani,
kaa, wa kujikunyata gambani.
Nikanunua kalamu mbili.
Buluu ni maisha ya basi lililowahi.
Nyekundu ni yale mengine.

Tarehe nne, kwa buluu: *habari kutoka mbali.*
Ralitsa alipiga simu kutoka Valencia
kuuliza maharage ya supu yanalowekwa muda gani.
Hali yangu hakuiuliza.

Tarehe kumi na moja, kwa nyekundu: *jihadhari na maji.*
Bomba la jirani wa juu likapasuka, dari ikalia machozi,
nami, Mungu anisamehe,
nilisimama na ndoo nikifurahi.

Tarehe kumi na saba, kwa rangi zote mbili:
Mirihi kamkabili Zohali, balaa kushoto na kulia.
Hakuna kitu.
Nilishona vifungo tisa kwenye koti la jenerali wa jukwaani.
Cha kumi sikukiona.

"Mama, kweli unayaamini hayo?"
Sijui, mwanangu.
Najua tu kwamba tangu baba yako aondoke
siku zilikuwa zikinipita kama uzi usio na fundo:
unavuta, unavuta, na nguo haijashonwa.

Jana saa nne usiku shangazi akapiga tena, bila salamu.
"Zdravka, nimekumbuka. Siku ile theluji
ilifika kwenye vizingiti vya madirisha.
Basi halikuja."
Kipi basi kilichotetemesha vioo?
"Nitajuaje? Nilikuwa nimeshika taa."
Taa, saa saba mchana?
Akanyamaza. Nikasikia saa yake ya ukutani
ikihesabu kitu kisichonihusu.
"Basi pengine ilikuwa usiku," akasema, akakata.

Nikakaa na kalamu zangu, moja kila mkono,
kama mtu aliyealikwa kula akasahauliwa sahani.
Mwisho nikachukua penseli ya kijivu,
ile ya kuchorea mikato kwenye vitambaa,
na chini ya tarehe ya kesho nikaandika:
*mwezi mwandamo.
Uzi mweusi umekwisha, nunua.
Muulize shangazi: ni nani aliyewasha taa?*