Kabla ya Jumatatu

Usiku wa tatu, Katumba, mvua haijui kuaga.
Mama yako yuko Mbeya mjini, anamuuguza dada yake.
Ameniachia wewe, Tumpale, na ndoo mbili za maji,
na ngozi yako inayowaka bila moto.

Ulianza kukuna Ijumaa,
kama panya ndani ya gunia la mahindi.
Shingoni, viwikoni, kiunoni,
pamekauka, panakwaruza kama ganda la mgomba.

Mama Gwakisa akaja na kopo lisilo na jina:
“Mpake hii, kesho utasahau.”
Nikashukuru, nikaliweka juu ya kabati
pamoja na mengine nisiyoyajua.
Mwingine akasema chumvi. Mwingine, mafuta ya taa.
Huyo sikumsikia;
bati lilinisaidia kwa kelele.

Mimi mpima chai. Najua kilo,
najua mikono iliyochoka. Ngozi siijui.
Ila kutazama najua,
na nimetazama: upele unafuata njia ya sweta,
lile la sufu nililolipigania bei mnadani
kwa ajili ya baridi ya Juni.
Linapoishia, nao unaishia.
Joto nimekupa mimi, mwanangu,
na joto lenyewe limekung’ata.

Nimelivua. Umevaa fulana yangu ya pamba,
inakufika vifundoni, unacheka huku unakuna.
Sabuni ya kunukia, kando.
Maji ya uvuguvugu, nimeyapima kwa kiwiko
kama bibi yako alivyoyapima yangu.
Taulo nimekugusisha tu, sikusugua,
mafuta ya mgando yakafuata, ngozi ikiwa bado na umande.
Kucha nimekukata ukiwa usingizini,
kumi, mojamoja, nimebana pumzi,
kisha soksi zangu mikononi mwako:
bondia asiye na mpinzani.

Nyuma ya stakabadhi ya chai nimeandika:
Ijumaa, kaamka mara nne.
Jumamosi, mara tatu. Homa hakuna. Usaha hakuna.
(Ungekuwepo, nisingengoja;
Anyimike wa bodaboda analala na kofia kichwani.)
Jumapili, mara moja, akaomba ndizi.

Kesho zahanati.
Sweta liko ndani ya mfuko, tunakwenda nalo,
kama shahidi. Au mshtakiwa.
Daktari ndiye atakayesema.

Soksi moja imedondoka.
Sitaitafuta gizani.
Nimeushika mkono.