Mibofyo Mia Nne

Usiku wa kwanza tangazo la Gorazd lilipata mibofyo saba,
langu miwili.
Akanipigia simu saa sita kasorobo, anatafuna kitu:
"Lizime lako, Tjaša. Dalili ya mvua ni mawingu."
Nikachungulia dirishani. Juu ya Pohorje
palikuwa na wingu moja, jembamba kama uzi,
na kesho yake Maribor nzima iliamkia jua.

Lake: chupa ya asali, taa imewekwa nyuma yake,
na maneno Utamu wa Mlimani.
Langu: mikono ya mama yake, Ljudmila,
kucha nyeusi kwa nta,
na neno moja tu, Mei.

Kiwango tulikiandika kabla ya kuanza,
kwa kalamu, nyuma ya risiti ya mbao za mizinga:
mibofyo mia nne kila upande,
wiki mbili kamili, Jumapili zote mbili zimo,
na chini ya hapo asiseme mtu nimeshinda.
Mimi ndiye niliyeng'ang'ania.
Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake,
na sisi tulikuwa wawili, kila mtu na ngoma yake.

Siku ya tano: sitini na moja kwa hamsini na nane.
Siku ya saba ikanyesha kweli, watu wakajifungia na simu zao,
langu likapanda, likapanda,
na mimi, mtunga sheria,
nikakikuta kidole changu juu ya kitufe
cha kulizima la mwenzangu.
Nikaenda kuosha vyombo.
Vilikuwa vimeshaoshwa.

Siku ya kumi na moja pesa zikaisha.
Mia mbili na tatu, langu.
Mia moja tisini na sita, lake.
Gorazd alikuja na ile risiti, akaisoma
kama mtu anayesoma wosia asiotajwa ndani yake.
"Kwa hiyo?"
"Kwa hiyo hatujui."
"Yuro mia tatu, za kutojua?"
Nikamwambia hata kutojua kuna kwa bei rahisi
na kuna kwa bei ghali, na ghali zaidi
ni kule kunakojiita kujua.
Hakucheka.

Ljudmila, aliyekuwa akifunga vifuniko,
akaiinamia skrini, akaitazama mikono yake
kwa muda mrefu.
"Mngeniambia mnapiga picha," akasema,
"ningesugua kucha."

Tukatazamana.
Hilo nalo hatukulipima.