Foleni Inaanzia Kule

Nilirudi Bahi mwezi wa kumi,
mwezi ambao mbuzi hutafuna maboksi
na vumbi hulala juu ya kope kama mgeni asiyeaga.
Nilivaa shati lililopigwa pasi na mtu mwingine.

Nilikuja kuangalia jina langu.
Tusidanganyane: maji sikuyawaza.
Jina nililiacha ubavuni mwa tangi,
herufi za buluu, pana kama milango,
cheo mbele, tarehe chini,
na fundi Chedego nilimrudisha ngazini mara mbili
kwa sababu neno "Mhandisi" lilitoka dogo kuliko neno "Kisima".

Miaka sita ya upepo.
Upepo wa huku hajaufundisha mtu adabu za ofisini.
Unatoka Kongwa na mchanga kinywani,
unasugua ukuta kama mama anavyosugua sufuria iliyoungua.
Limebaki "Mha",
kana kwamba kisima kilichimbwa na mtu wa Kasulu,
na pembeni yake mguu mmoja wa herufi
nisioweza kuutambua,
mimi mwenye jina.

Nikaelekea bombani moja kwa moja,
kama mtu anavyoingia sebuleni kwake.
Mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, ndoo ya njano miguuni,
hata sauti hakuipandisha:
"Baba, foleni inaanzia kule."

Kule kulikuwa mbali.
Nilifungua kinywa, na ndani mlikuwa na sentensi kamili,
ina wizara, ina bajeti, ina mita tisini za mwamba,
ina "kwani wewe hunijui".
Ikafika kwenye meno.
Nikaionja.
Ilikuwa chumvi tupu,
kama maji ya hapa kabla hatujachimba.

Sikuimeza kwa wema. Niseme kweli,
niliona haya tu, na jua lilikuwa kali.
Kijana anayeitwa Ndahani akanisogezea dumu, akasema, kalia hili,
la kwetu, ukifika ulijaze.

Basi nikakaa, ndoo arobaini na moja mbele yangu,
na nafsi ikafungua mashtaka:
wangejua. Wangejua hawa.
Nikaiacha iseme, kama redio ya jirani,
huwezi kuizima, lakini si lazima uitikie.
Nikasikiliza ndoo.

Ndoo ikiwa tupu, maji yanaipigia kelele.
Kelele inapanda, inakuwa nyembamba,
halafu, karibu na ukingo, kimya.
Debe tupu. Methali hiyo niliiandikia insha darasa la sita,
nikapata arobaini na mbili kati ya hamsini,
wala sikujua kuwa naandika habari zangu.

Pumzi moja, ndoo moja.
Nilisahau kuhesabu kwenye ya kumi na saba.
Kulikuwa na siafu aliyebeba punje ya uwele,
akaizunguka kandambili ya mtu, akaendelea.

Zamu yangu ilipofika nilichungulia dumu
nikitegemea kuona uso.
Niliona unyasi unaelea.
Nikautoa kwa kidole.

Nililibeba mpaka kwa kina Ndahani,
maji yakinimwagikia shatini, pasi yote ikaisha.
Mama yake akauliza, unaitwa nani?
Nikasema Yona.
Akangoja kama kuna kingine.
Hakikuwepo.

Sasa nipo Dodoma, Area C, na Chedego amepiga simu:
makopo mawili ya rangi, na nauli, jina linarudi.
Nimemwambia nitafikiri.
Sijakataa, tazama, bado sijakataa.

Ila asubuhi, chai ikiwa mkononi,
kabla sijaitikia salamu ya mlinzi,
kuna kitu kifuani kinachojipenyeza mbele na ndoo yake tupu.
Ninakiambia, sauti chini:
foleni inaanzia kule.

Siku nyingine kinasikia.