Siku Kumi na Nne za Majaribio

Chumba changu Umoja kina kona nne
na kila kona hunidanganya kivyake.
Ya kitandani huinenepesha besi,
ya mlangoni huila,
ya jikoni humrudisha mwimbaji
kana kwamba kavaa sufuria kichwani.
Nimebandika trei za mayai ukutani, thelathini na sita.
Mwenye duka aliniuliza kama nafuga kuku.

Kwa hiyo natafuta kipimo.
Kitu kisicholala humu,
kisichoguswa na ubeti wa pili wa Kwamboka
kama unavyonigusa mimi, nikampandishia sauti
tena, na tena, hadi gitaa likazama.

Cha kwanza kilikuwa cha rangi.
Milima ya zambarau iliinuka na kuporomoka kwenye kioo,
nikakesha nayo.
Alfajiri nikagundua sijasikia kitu:
usiku kucha nilikuwa nikichonga mlima.
Shilingi elfu kumi na mbili.
Nikakifuta kabla ya chai.

Cha pili ni cha bure, mstari mweusi usio na madoido.
Lakini pale kwenye hamsini palisimama kijiti.
Nikazima feni, kipo.
Nikachomoa taa, kipo.
Nikaweka sikio ukutani:
friji ya Mama Cherotich inanung'unika upande wa pili.
Imeimba katika kazi zangu zote tangu Januari
na sijawahi kuiandika jina.

Saa tatu kasoro stima ikapotea mtaa mzima.
Kompyuta ikabaki na betri yake, maikrofoni wazi.
Kijiti kikaanguka.
Nikaona kwa mara ya kwanza jinsi nyumba hii inavyonyamaza:
vumbi jembamba chini kabisa,
kama uji ulioepuliwa.
Kisha mtu akacheka ngazini, vumbi likaruka.

Cha tatu kina mshale tu,
kutoka hasi moja hadi chanya moja.
Wambua alinicheka. Mshale wa nini,
na masikio unayo mawili, mazima?
Nami niliuacha pembeni mwa kioo
kama saa ya ukutani ya mgeni.

Jana nikampelekea Odera, fundi viatu, wimbo wenyewe.
Redio yake ina spika moja, imefungwa kwa mpira wa tyubu.
Ngoma zikaingia. Gitaa likaingia.
Kwamboka hakuimba.
Odera akasubiri, uzi mdomoni, kiatu cha shule mapajani.
"Mwimbaji wako amechelewa?"

Hakuwa amechelewa. Alikuwemo mara mbili,
kushoto na kulia,
maikrofoni mbili nilizozitega kwa haraka siku ya mvua,
moja ikisukuma pale mwenzake anapovuta.
Kwenye spika zangu walikaa mbalimbali, wakavumiliana.
Walipolazimishwa kupita mlango mmoja
wakamalizana.

Nikarudi mbio, ngazi mbili mbili.
Mshale ulikuwa umelala upande wa hasi,
na bila shaka ulilala hapo tangu siku ya kwanza,
ukinionyesha, ukinionyesha.
Nikapindua wimbi moja, la juu likawa la chini.
Kitufe kimoja.
Mshale ukajikokota, ukavuka sifuri.

Majaribio yanaisha kesho saa sita usiku.
Elfu tatu na mia tisa, na wanataka kadi, hawataki simu.
Nitaazima ya Wambua, anicheke vizuri.
Cha kupima ukubwa wa sauti bado sijachagua.
Kile nilicho nacho kinasema niko chini mno;
Mama Cherotich, kwa ufagio ukutani,
anasema nimezidi.

Leo asubuhi nimerudi kwa Odera.
Kwamboka akaingia penye zamu yake,
mwembamba, mkwaruzo kidogo, ndani ya harufu ya gundi.
Odera hakuinua macho.
Aliacha tu kugonga msumari.