Kadi ya Kitangari

Nimeilaza kifudifudi juu ya meza ya chama
hii laptopu tuliyorithi kutoka makao makuu.
Skrubu kumi na moja ziko kwenye kifuniko cha chupa ya chai,
zimepangwa kama zilivyotoka,
maana fundi Chitanda wa Newala alinionya:
"Zikichanganyika, Somoe, usinipigie."

Kadi kaniuzia elfu kumi na tano,
kaing'oa kwenye mashine iliyokanyagwa na bodaboda.
Ndogo kama stempu ya barua.
Nimekuja nayo kwenye pindo la kanga,
penye fundo la pesa, pasipo pesa tena.

Kwanza kuitoa ya zamani.
Nyaya mbili, nyeusi na nyeupe,
zimeing'ata kwa meno ya dhahabu;
nikazibandua kwa ukucha, polepole,
kama unayemvua hereni mtoto aliyelala.
Kisha mpya: itie mshazari, ilaze, ibane.
Nyeupe inakaa wapi? Kulikuwa na alama ya pembetatu,
imefutika nusu.
Nikabahatisha.
Pa. Pa.

Skrubu ya kuibania ikadondoka.
Msimu huu sakafu yetu ni vumbi la magunia;
nikapiga magoti, nikapapasa robo saa,
nikapata korosho mbili na shilingi hamsini.
Kadi nikaibana kwa selotepu.

Nikawasha.
Mashine ikasema imeona mgeni lakini haimjui,
inataka draiva,
na draiva iko mtandaoni.

Nikacheka peke yangu.
Sisi wa huku juu tumezaliwa na kisa hiki:
pampu ya bondeni haikutoa maji
mpaka uinyweshe maji,
na mama hakumaliza ndoo hata siku moja,
alibakiza kata,
si ya kunywa, ya kuiamshia pampu.
Kata yangu ilikuwa simu.
Nikaiunga kwa waya wa chaji,
megabaiti mia mbili za mkopo,
nikamimina.

Draiva ikaingia. Mtandao, hapana.
Msalaba mwekundu uleule pembeni mwa skrini.
Nikatoa kadi, nikarudisha. Nikabadilisha nyaya.
Nikazima, nikawasha, nikasema na Mungu.
Saa kumi na moja nikakata tamaa,
nikainyanyua niitie mkobani,
na kidole gumba kikagusa ubavuni
kitu kidogo kilichogandwa na vumbi.
Kikasogea.
Tk.
Kitaa cha buluu.

Majina yakateremka:
ZAHANATI
MNYACHI STOO
Mwl Nalinga nyumbani
HALIKUHUSU
na letu, GHALA, mwisho kabisa kama mtoto wa kuokotwa.
Nikaandika nywila.
Tani kumi na nane, gunia kwa gunia,
zikafika Newala kabla sijafunika kalamu.

Ningeishia hapo.
Lakini mkono haukutulia,
nikafungua tumbo tena,
nikairudisha kadi ya zamani, ile iliyokufa,
nikawasha.

Majina yakateremka.
Yote. Hata HALIKUHUSU.

Bwana Nampunju, karani kabla yangu,
misimu miwili alipiga baiskeli hadi Newala
na flashi kwenye mfuko wa shati.
Taarifa zilifika mnada umeshafungwa.
Mkutano mkuu ulimwita mzembe,
ukapiga kura.
Nilikaa mstari wa pili.
Nilinyoosha mkono, tena mapema.

Sasa anachoma mkaa Mnyambe.
Nimsalimu vipi?
Nimwambie nini, kwamba ni swichi,
ndogo kuliko punje ya mtama?

Daftari la matengenezo liko wazi.
Tarehe, nimejaza. Gharama, elfu kumi na tano.
Safu ya tatu inauliza: Chanzo cha hitilafu.
Wino unakauka kwenye ncha
na pale pembeni mwa skrini
mtandao umejaa, mistari yote minne.