Upanga, Juu ya Paa

Nakaa Upanga. Nacheka mwenyewe nikiandika hivyo:
mtaa una jina la chuma, na ndani yake
sijaona kikali kuliko kisu cha muuza mananasi.

Jumanne na Ijumaa tunapanda ngazi hadi paani
(lifti imekufa tangu Ramadhani),
tunapita matangi ya maji, nyaya za madishi,
kanga za Bi Zulfa zilizosahaulika kambani,
na tunavua viatu.

Shaweji ni karani wa bandari.
Ana miaka thelathini na nne na goti bovu.
Kirumbizi alifundishwa na mjomba wake, Wete, uani,
kwa bakora na matusi ya kistaarabu.
Upanga alijifundisha kwa video zinazokwamakwama
na kurasa za kitabu cha kale alizotolea nakala
hadi michoro ikabaki mikono bila watu.
Kipi kimetoka wapi, hasemi.
"Mguu hauna kabila," anasema. "Una uzito tu."

Panga zetu zimefuliwa Gerezani, kwa springi ya Fuso.
Fundi aliuliza makali yakae upande gani.
Tukamwambia, hakuna.
"Butu?"
"Butu."
Akatutazama kama walioagiza sufuria isiyopikia,
akatutoza bei ileile.

Mwaka wa kwanza sikushika upanga. Nilishika henzirani,
nikafundishwa kutembea,
mimi niliyetembea kabla sijaota magego.
"Usikanyage kama unadai!"
Lakini mimi kazi yangu ni kudai:
mikopo iliyochelewa, simu tisini kwa siku,
habari za asubuhi mheshimiwa, tarehe imepita.
Nyayo zilikuwa zimejifunza ofisini.
Ilibidi nizisahaulishe, kisigino kwanza.

Jirani wa ghorofa ya tano akamwita mjumbe.
Simlaumu. Panga likimetameta usiku Dar
hakuna anayewaza ngoma.
Mjumbe alipanda na vijana wawili wa ulinzi,
akihema, akashika ukuta.
"Hiki kikundi cha nini?"
"Tunajifunza kukosana," akasema Shaweji.
"Kukosana?"
"Kwa adabu."
Mjumbe hakutaka kucheka; akacheka.
Akapigwa picha ameshika upanga, kifua mbele,
akasema kibali kitafuata.
Kinafuata hadi leo.

Mwezi wa nne nikaporwa simu, pale Fire, mchana kweupe.
Bodaboda, mkono, basi.
Ofisini wakanigeuza mchezo: na mapanga yako yote?
Fimbo ya mbali haiui nyoka, nikawajibu,
yangu ilikuwa nyuma ya kabati.
Lakini hapa sipo kazini, naweza kusema kweli:
hata ningekuwa nayo, mkono ungesimama wenyewe
kidole kimoja kabla ya sikio la yule kijana,
kwa mazoea,
naye angekwenda zake
na simu yangu, na sikio lake.

Ninayepambana naye sana ni Mwinjuma,
kinyozi wa Magomeni. Mchana kutwa
wembe wake unapita kwenye koo za watu
wanaosinzia.
Labda ndiyo maana pigo lake halina haraka.
Linashuka, nalisikia likikata hewa, halafu
linakaa juu ya bega langu
kama nzi asiyeamua.
Benki waliniuliza dhamana kabla ya kunipa kiti.
Yeye hajawahi kuniuliza kitu.

Ijumaa iliyopita umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukazimika, jenereta ya hospitali ikaunguruma,
na Shaweji hakusema tuache.
Nikainua upanga nisiouona.
Nikasikia unyayo, pumzi,
goti la Shaweji likilia kule pembeni,
kisha upepo mdogo shingoni.

"Umenikosa," nikasema gizani.

"Nimekukosa," akajibu Mwinjuma,
na sikujua anajisifu au anaomba radhi.
Tukarudi nyuma hatua tatu,
tukaanza tena.